Ukuta wa bafu una skimingi na rangi. Vigae vya 60 kwa 120 vitashika nikipaka praima tu?

Binti_wa_Donholm
Wakubwa shikamooni, wengine hamjambo. Ninafanya marekebisho ya bafu la nyumba yetu hapa Donholm. Ukuta ni wa mawe ya Ndarugo, ukapigwa plasta, juu yake skimingi nyeupe (lile tabaka jembamba la kulainisha ukuta), halafu rangi ya mafuta. Vigae nimeshanunua: poseleni, sentimita 60 kwa 120, unene milimita 10. Nilipanda mizani na kimoja mkononi, nikatoa uzito wangu (ambao hamtaambiwa), nikapata kilo 17.

Mafundi wawili wamekuja kutazama. Wa kwanza atauchokora ukuta kwa tindo, vidonda hapa na pale, abandike kwa simenti tupu. Wa pili anataka kupaka praima juu ya rangi, mkono mmoja, kesho yake abandike kwa gundi ya vigae. Bei zao zinakaribiana. Watoto wangu wanaoga humo kila siku, na sitaki kitu cha kilo 17 kiwaangukie. Nimwamini yupi?

Tindo_na_Mwiko
Dada, hata mmoja. Kigae kinashika kile kilicho juu kabisa, basi. Kwako kilicho juu ni rangi. Rangi imeshika skimingi, skimingi imeshika plasta, plasta imeshika jiwe. Uzito wote utabebwa na aliye mnyonge katika foleni hiyo, na praima ya juu haimfikii.

Kwangua rangi na skimingi yote mpaka uione plasta ya mchanga na simenti. Vidonda vya tindo havitoshi, kwa sababu kati ya kidonda na kidonda rangi bado ipo. Ukimaliza, pita ukuta mzima ukigonga kwa mpini wa nyundo. Penye sauti ya debe tupu plasta imeachana na jiwe. Toa hapo, upige upya.

Mzee_wa_Kariobangi
Mimi nimebandika kwa simenti tangu vijana wengi humu hawajazaliwa, na sijaitwa kuokota kigae. Hizi gundi ni biashara ya maduka.

Tindo_na_Mwiko
Shikamoo mzee. Ulikuwa unabandika vigae gani?

Mzee_wa_Kariobangi
Marahaba. Vile vya 20 kwa 30, vya seramiki.

Tindo_na_Mwiko
Ndiyo sababu, mzee wangu. Seramiki ya ukutani inakunywa maji, mara nyingi zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake, kwa hiyo uji wa simenti unaingia ndani yake na kujishikilia. Poseleni inakunywa chini ya nusu asilimia. Simenti tupu ikikauka inasinyaa, na mgongo wa kigae haukuipa pa kushika. Hapo unahitaji gundi iliyoandikwa C2 kwenye mfuko, yaani gundi ya simenti iliyoongezwa nguvu. Ikiwa na herufi T, kigae hakiteremki ukutani; ikiwa na S1, gundi inanyumbuka kidogo.

Mzee_wa_Kariobangi
Hilo la kunywa maji nakubali. Vile vikubwa sijawahi kuvigusa, nisidanganye.

Jasi_si_Simenti
Kuna jambo limepitwa. Binti, hiyo skimingi ni ya simenti nyeupe au ya jasi? Zote zinauzwa hapa Nairobi, na zikishakauka huwezi kuzitofautisha kwa macho. Simenti ikikutana na jasi penye unyevu, fuwele mpya zinaota pale zinapogusana, zinavimba, zinakisukuma kigae taratibu. Kinaweza kukaa miezi kimetulia, halafu siku moja unakikuta chini kizima, gundi yote imebaki mgongoni mwake.

Halafu uzito. Kilo 17 kwa kigae cha mita za mraba 0.72 ni kama kilo 23 na nusu kwa mita moja. Ongeza gundi, kilo tano au sita hivi. Kule Uingereza mwongozo wao wa BS 5385 unaweka kikomo cha kilo 20 kwa mita ya mraba kwa ukuta wa plasta ya jasi, gundi ikiwemo. Wewe umeshapita, hata ungepaka praima bora kuliko zote. Ikwanguliwe.

Mpangaji_Pipeline
Mimi nasoma tu. Bafu letu ni la pamoja na mlango haufungi, vigae tutajadili baadaye 😂

Binti_wa_Donholm
Nimerudi. Siku tatu za kukwangua, vumbi limefika hadi kwenye unga wa ugali. Plasta iko sawa isipokuwa kipande chini ya dirisha, karibu mita moja, kinalia tupu kabisa. Kimetolewa, kimepigwa upya jana. Fundi wa pili (ndiye nimebaki naye, angalau anasikiliza) anasema tupake praima kesho.

Tindo_na_Mwiko
Kesho ni mapema mno! Plasta mpya inyunyizie maji siku za mwanzo, kisha uipe angalau wiki mbili, na mvua hizi za Aprili ziongezee. Inasinyaa ikikauka, na ukiiwahi itasinyaa na vigae vikiwa juu yake. Ukitaka kujua kama imekauka, bandika karatasi ya nailoni kwa utepe wa kunata pande zote nne, iache siku nzima. Ukikuta jasho ndani, ngoja.

Wakati unangoja, simamisha rula ndefu ya mita mbili ukutani. Kigae kikubwa hakijui kupinda, kwa hiyo bonde likizidi milimita tatu lijazwe sasa. Wengine wanalijaza kwa kurundika gundi nyuma ya kigae. Gundi nene inasinyaa, inakivuta kigae ndani, na mistari yako yote inaharibika.

Binti_wa_Donholm
Na praima yenyewe? Dukani nimeonyeshwa gundi nyeupe ya mbao, wanasema ichanganywe na maji ni ileile.

Jasi_si_Simenti
Siyo! Gundi ya mbao ikiloa inarudi kuwa gundi, na gundi ya vigae ina maji. Bafuni ndiyo kabisa. Nunua praima ya akriliki inayotaja vigae, na kipimo cha maji ukisome kwenye mkebe, usikisie.

Kwanza vumbi. Fagia kwa brashi, kisha sifongo yenye unyevu, mpaka ukipitisha kiganja kitoke safi. Praima juu ya vumbi inabandika vumbi. Halafu nyunyizia maji kidogo: yakimezwa papo hapo, ukuta una kiu, paka mikono miwili, wa pili ukivuka wa kwanza. Yakikaa kama shanga, kuna rangi imebaki, rudi kwenye tindo. Penye bomba la mvua, baada ya praima kukauka, pakeni dawa ya kuzuia maji, ndipo gundi.

Tindo_na_Mwiko
Na migongo ya vigae ipanguse. Ina unga mweupe wa kiwandani, unazuia gundi kushika. Siku ya kubandika: mwiko wa meno ukutani, mistari yote upande mmoja, na tabaka jembamba mgongoni mwa kigae. Mabonge matano ya gundi nyuma ya kigae hatutaki. Cha kwanza kikibandikwa, king'oeni mtazame mgongo. Gundi iwe imeenea kote.

Binti_wa_Donholm
Wiki mbili na siku nne. Nailoni imetoka kavu, praima mikono miwili, dawa ya maji imekauka. Leo asubuhi tulibandika cha kwanza juu ya ubao wa kukishikilia, tukaking'oa. Pembe mbili zilikuwa tupu. Fundi amekwenda Industrial Area kutafuta mwiko wenye meno makubwa zaidi.

Mzee_wa_Kariobangi
Akiupata, mwambie aninunulie na mimi mmoja.