Mada: Marantz ya mzee imefika Uyole, haiwaki

Wa Uyole, sasa Columbus:
Wakubwa shikamooni, wengine habari za kazi. Nimemtumia baba risiva (redio yenye amplifaya ndani) Marantz 2230, ile ya miaka ya 70 mwanzoni, yenye mwanga wa bluu na gurudumu la stesheni unalolizungusha kwa kidole gumba. Huku ilikuwa inaimba vizuri kabisa. TANSAD (hati ya forodha ya mzigo) ilipita, kodi nimelipa, halafu ofisi moja bandarini ikafungua boksi "kuhakiki hali ya mzigo" na kuichomeka ukutani. Nyuma imeandikwa 120V, na juu nilibandika karatasi ya onyo. Wakala anasema ilitoa harufu ikazimika. Sasa iko Uyole, Mbeya, hata taa haiwaki, na ofisi inasema mtumba hauna fidia. Naomba kujua: fomu ya kudai ni ipi, na inapelekwa kwa nani?

Wa Iringa, sasa Leeds:
Pole sana mdogo wangu. Friji langu lilikaa bandarini mpaka storeji ikazidi bei yake, kisa TIN (namba ya mlipakodi) ni ya dada na B/L (hati ya meli ya mzigo) ina jina langu. Wakataka NIDA, nami pasipoti yangu ni ya Uingereza. Tuma kwa jina la anayepokea, siku zote. Risiva badilisha fyuzi tu, itawaka.

Wa Tukuyu, sasa Houston:
Dada, samahani, hilo la "fyuzi tu" si sawa. Transfoma ya ndani iliyosukwa kwa 120V imepigwa 230V, kama fyuzi imekatika haikukatika bure. Risiva ichomolewe, swichi yake ibaki imewashwa, mzee apime omu (ukinzani wa umeme) kwa mita kwenye meno mawili ya plagi. Ikisoma omu chache, njia ya umeme mpaka kwenye transfoma haijakatika, hitilafu itafutwe ndani. Isiposoma kitu, apime fyuzi, swichi na transfoma, kimoja kimoja. Transfoma ikiwa ndiyo imekatika, fundi wa kusuka mota anaweza kuisuka upya. Kapasita zile kubwa asiziguse, zinashika chaji hata plagi ikiwa nje.

Wa Iringa, sasa Leeds:
Baba yangu alikuwa fundi redio Iringa mjini, fyuzi naijua. Anunue transfoma ya kushusha umeme, hata santuri atapiga humo humo.

Wa Tukuyu, sasa Houston:
Inashusha volti, haibadilishi hezi (mawimbi ya umeme kwa sekunde: Marekani 60, nyumbani 50). Risiva 50Hz haiisumbui sana. Ila mashine ya santuri ya Marekani yenye mota inayofuata hezi itazunguka mara 28 kwa dakika badala ya 33, na kila mwimbaji atasikika amechoka.

Wa Makambako, sasa Stuttgart:
Kamwene wote. Mmenikumbusha Julai nyumbani, ukungu mpaka mlangoni, mama anamenya viazi, redio ya betri juu ya kabati, RTD inasoma salamu nasi watoto tumenyamaza tusikie kama Njombe itatajwa. Lakini tuseme ukweli, mizizi ya haya yote ni uraia pacha. Pesa zetu zinapokelewa, sisi wenyewe kaunta tunaitwa wageni.

Wa Iringa, sasa Leeds:
Na wasituambie hadhi maalum ya diaspora ni uraia. Si uraia.

Wa Uyole, sasa Columbus:
Ahsanteni. Mzee amepima, fyuzi imekatika. Fundi wa Mwanjelwa yupo hapo sasa, anataka kufunga waya wa shaba mahali pake waijaribu. Na ile fomu, hakuna anayeijua?

Wa Tukuyu, sasa Houston:
Mpigie mzee sasa hivi, asikubali! Waya wa shaba haukatiki, itakayoungua ni transfoma ya ndani. Fyuzi iwe ya ampea zilezile zilizoandikwa kando ya kishikio chake. Na isichomekwe popote kabla ya kupata transfoma ya kushusha, wati 300 kwenda juu. Baada ya hapo, siku ya kwanza, apitishe umeme wa risiva kwanza kwenye globu ya uzi ya wati 60, iliyofungwa njiani kwenye waya mmoja, si ya LED. Globu iking'aa ikabaki hivyo, ndani kuna shoti, azime. Iking'aa kisha ikafifia, aendelee.