Walirekodi utendi wa bibi yangu kwa ajili ya hifadhi, sasa wameukatakata kuwa matangazo

Wanajamvi, assalaam aleikum. Naandika nikiwa Lamu, mtaa wa Mkomani, na naandika kwa hasira ambayo nimejaribu kuituliza kwa wiki tatu bila mafanikio.

Mwaka jana walikuja nyumbani kwetu vijana watatu wa kampuni moja ya kutengeneza video. Walimwomba bibi yangu, mzaa mama, awasomee utendi ambao nyanya yake aliutunga kumuusia binti yake, na ambao haujawahi kuchapishwa popote. Umo katika daftari moja la hati za Kiarabu, na umo kifuani mwa bibi. Walimwambia kwamba rekodi itahifadhiwa ili watoto wa Lamu waje kuisikia, na kwamba itaonyeshwa siku moja tu katika mkutano wa walimu. Bibi akakubali. Baada ya sala ya alasiri aliketi katika daka, yaani kibaraza cha mlangoni, ndugu yake akiwa upande wake wa kulia ili amkumbushe akisahau, akasoma kwa saa moja na dakika arubaini bila kunyanyuka.

Wiki tatu zilizopita binamu yangu aliyeko Malindi alinitumia klipu ya sekunde thelathini na kuniuliza, "Huyu si bibi?" Nikatafuta, nikapata nyingine, na nyingine, hadi nikahesabu ishirini na tatu. Saa moja na dakika arubaini za usia zimegeuzwa kuwa klipu fupi za simu, vipindi viwili vya kusikiliza, na tangazo la nyumba ya kulaza wageni ambamo sauti ya bibi inasikika chini ya ngoma na gitaa. Huu ni utendi unaofunguliwa kwa Bismillahi na kumswalia Mtume. Bibi hajawahi kuusoma penye ala ya muziki hata siku moja.

Msidhani napinga kazi ya kuhariri. Mimi mwenyewe nina kompyuta pale Langoni na nimekata video za harusi na za mashindano ya majahazi kwa miaka sita, hivyo najua kwamba rekodi moja ndefu inaweza kuzaa mambo mengi mazuri ikishikwa na mtu anayeelewa anachokikata. Hawa hawakuelewa. Beti ya utendi ina vipande vinne, kila kipande mizani minane. Vitatu vya mwanzo hufanana vina, na cha nne ndicho kinachobeba bahari, yaani kina kinachoshuka hadi beti ya mwisho. Klipu zao nyingi zinakatika kwenye kipande cha tatu. Bibi alipoziona alinyamaza kwanza, kisha akaniuliza, "Mbona wamenikata ulimi?" Sikuwa na jibu.

Lililoniuma zaidi ni moja. Katikati ya utendi kuna beti saba ambazo mtunzi anaweka maneno kinywani mwa mjinga, anayesema kwamba mwanamke hana haja ya elimu na kwamba akipigwa anyamaze. Baada ya hizo zinafuata beti kumi na mbili za kumjibu, na hizo ndizo roho ya usia wote. Wao walichukua maneno ya mjinga peke yake, wakaondoa jibu, wakaandika juu yake kwa herufi kubwa kwamba hiyo ndiyo siri ya ndoa kutoka kwa bibi wa Kiswahili. Watu maelfu wameitazama. Wapo waliomsifu kwa jambo ambalo hakulisema, na wapo waliomtukana mama wa miaka themanini na moja kwa matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa, kwa sababu tu mhariri hakusubiri dakika tatu zaidi.

Maandishi ya chini nayo yametengenezwa na programu isiyojua Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, na inaonekana hakuna binadamu aliyeyapitia. Bibi anaposema "ndia moya", yaani njia moja, wameandika "nia moyo". Picha nayo imebanwa isimame wima. Mnaofanya kazi hii mnajua kwamba ukichukua video pana ya kumi na sita kwa tisa ukaikata iwe tisa kwa kumi na sita, kinachobaki ni chini ya theluthi moja ya picha. Waliyemwondoa ni ndugu yake. Anasikika akikumbusha maneno lakini haonekani, kana kwamba bibi anasemeshwa na mtu aliyejificha.

Nilipowapigia simu walinijibu kwamba bibi alitia sahihi. Ni kweli, ipo karatasi ya kurasa mbili, kwa Kiingereza, inayoruhusu "matumizi yoyote". Bibi anasoma hati za Kiarabu vizuri kuliko mimi, lakini Kiingereza hakijui, na kijana aliyempa kalamu alimwambia kwamba ni karatasi ya kuhifadhi rekodi. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa kusudi lililotajwa waziwazi na zisitumiwe kwa jambo lisilopatana na kusudi hilo; inampa mtu haki ya kuondoa ridhaa yake wakati wowote; na mzigo wa kuthibitisha kwamba ridhaa ilipatikana unamwangukia anayezitumia. Bibi ameiondoa ridhaa yake kwa barua, iliyoandikwa kwa Kiswahili na kusomwa mbele yake mara mbili. Tumewapa siku kumi na nne waondoe klipu zote, watukabidhi rekodi nzima isiyokatwa, na watoe beti zile kumi na mbili mahali palepale walipotoa zile saba. Siku zikipita kimya, malalamiko yatakwenda kwa Kamishna wa Data, ambaye kwa sheria hiyo anatakiwa kuyakamilisha ndani ya siku tisini.

Nina maombi mawili kwenu. Kama mzee wenu wa Lamu, Faza, Malindi au kwingineko pwani alirekodiwa kwa ahadi kama hii na sauti yake imeanza kutokea katika mambo ambayo hakuyaridhia, niandikieni faraghani tuunganishe malalamiko. Na kama klipu ya bibi yangu imekufikieni, tafadhali ifuteni. Msiisambaze hata kwa nia ya kumtetea, kwa kuwa kila anayeituma mbele anawapelekea watu wengine maneno ya yule mjinga bila jibu lake.