Naomba ushauri: mtoto wa miaka 3 nimwache wapi nikiwa sokoni?

Habari zenu wapendwa. Nipo Moshi, naishi Pasua, nauza nyanya na vitunguu Mbuyuni. Natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kuwahi mzigo. Mwanangu katimiza miaka 3 mwezi huu.

Dada wa kazi ameondoka, wa tatu tangu mwaka uanze (huyu aliaga kwa meseji nikiwa napimia mteja). Kituo cha kulelea watoto cha karibu wanataka 70,000 kwa mwezi, chakula juu yangu, na wanafungua saa moja na nusu. Saa hiyo nimeshauza nusu tenga. Kuna mama mtaani anapokea watoto kwa 2,000 kwa siku. Nilipita juzi nikakuta watoto 14 chumba kimoja, jiko la mkaa linawaka pale mlangoni. Roho ikasita.

Darasa la awali shule ya serikali halina ada tangu 2016, ila wanapokea wa miaka 5. Hii miwili ya katikati ndiyo inanitesa. Bibi yake wa Kibosho anamtaka, lakini kumwona mwanangu Jumapili kwa Jumapili, hapana, sijaweza.

Najua kituo lazima kisajiliwe kupitia ustawi wa jamii. Nikienda ofisi yao ya manispaa watanionyesha vilivyosajiliwa? Na kuna kina mama wa sokoni waliowahi kuchanga wakamweka mlezi wao wenyewe? Mligawanaje gharama, na siku mwenzenu hana hela mlifanyaje? Hata mkinisema, semeni tu, ila mnielekeze.