Jenereta inazima yenyewe kila baada ya dakika 40, naombeni msaada wakuu

Kiza Kinene: Wakuu habari za usiku. Nina jenereta ya petroli, kilowati 2.5, ina miezi miwili tu. Umeme ukikatika naiwasha inabeba taa, tv na friji bila shida, ila ikifika kama dakika arobaini inaanza kukohoa, mzunguko unapanda unashuka halafu kimya. Ikipoa inawaka tena kama hakuna kilichotokea. Plagi nimebadilisha, kabureta nimesafisha, oili iko usawa. Itakuwa koili, ile inayopeleka moto kwenye plagi? Nimechoka kuamka amka usiku.

Mzee wa Karabai: Mchawi wako friji. Kompresa ikiamka inavuta hata mara tatu ya wati zilizoandikwa. Mimi ya kwangu ya kwanza niliipa friji, pasi na pampu ya maji kwa pamoja, ilitoa mlio kama mbuzi anachinjwa, na mama watoto mpaka leo akiona nashika kamba ya kuvuta anatoka ndani. Tulikaa na karabai miaka mingi na tulisoma tukafaulu.

Shoka Moja: Watu mnanunua mashine kitabu chake mnafungia vitumbua. Oili ya mwanzo inamwagwa baada ya masaa kama 20 maana ina unga wa chuma, wewe ulimwaga lini? Tujifunze kusoma jamani.

Waya Mwekundu: Friji ingeizima pale pale inapoamka, isingesubiri dakika 40. Mfuniko wa tenki una tundu la kupumulia, likiziba mafuta hayashuki na dalili ndo hizo hizo. Na maswali mawili: jenereta iko wapi, na umeiunganishaje na nyumba?

Kiza Kinene: Mfuniko nilishaulegeza ikazima vile vile. Iko nje mkuu.

Waya Mwekundu: Nje wapi? Eksozi inatazama nini?

Kiza Kinene: Sio nje nje. Iko stoo. Stoo imeungana na nyumba lakini ina dirisha naliacha wazi nusu, na mlango wa kuingia ndani naufunga naziba chini kwa tambara. Kabla hamjaanza kunisema, nje kuna wezi, kuna mvua, na jirani alishalalamika kelele. Halafu kesho kutwa fundi analeta bomba la kupitisha moshi dirishani, advansi ameshachukua, kwa hiyo hilo limeisha. Nirudishieni kwenye koili.

Waya Mwekundu: Koili yako nzima. Injini inakula moshi wake yenyewe. Chumba kinapata joto, oksijeni inapungua, ndo inakohoa na kuzima. Na oksijeni ikipungua petroli haiungui vizuri, ile hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, inazidi kutoka, haina harufu wala rangi. Dirisha halitoshi hata ukilifungua lote. Bomba la kuchomelea linavuja kwenye maungio. Itoe, mita 6 au zaidi kutoka kwenye nyumba, eksozi isitazame mlango wala dirisha la mtu yeyote.

mama_pacha: Kaka samahani, mimi mashine sijui. Watu wa ndani wanaamkaje?

Kiza Kinene: Hilo sikutaka kulileta huku maana sio mada. Mdogo wangu wa mwisho ameamka anaumwa kichwa mara mbili na kutapika, mke wangu anasema miguu inakosa nguvu. Tulienda hospitali, mpaka tunafika wote wameshachangamka, homa hakuna, vipimo safi. Tukajua chakula.

Nesi wa Zamu: Kichwa, kutapika, miguu kulegea, homa hakuna, wanaumwa zaidi ya mmoja na wakitoka nyumbani wanapata nafuu. Kaka, hicho sio chakula. Hiyo hewa ya sumu inang'ang'ania himoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, mara 200 na zaidi kuliko oksijeni, mwili unakosa pumzi mtu akiwa anahema kabisa. Kama inawaka sasa hivi amsha wote mtoke nje, usianze kuhangaika na mashine. Hospitali tamka neno jenereta wapime damu kwa ajili hiyo. Kile kifaa cha kubana kidoleni kinaweza kusoma oksijeni iko sawa wakati haiko sawa.

Mtazamaji: Hii chai. Mwanzo ilikuwa nje, ikawa stoo, sasa kuna wagonjwa. Mtu mwenye mtoto anatapika anakuja kuuliza koili? Kesho tutaambiwa na mbuzi walizimia.

Shoka Moja: Na mimi nimeshtuka, tangu lini kilowati 2.5 ikatoshea stoo ya mtu wa kawaida.

Mzee wa Karabai: Inatosha, inakaa kama begi kubwa la safari. Acheni ubishi.

mama_pacha: Chai au sio chai, kaka yangu alikutwa asubuhi kitandani na redio inaimba. Jenereta ilikuwa kwenye korido. Na yeye alificha hivi hivi kwamba anailaza ndani, sisi tukijua iko nje. Mtu haamini kama ni jambo kubwa ndo maana halitaji.

Mtazamaji: Pole dada. Bado nataka picha.

Kiza Kinene: Sina muda wa picha. Haikuwa inawaka, ilishazima. Niliwatoa wote nje nikafungua madirisha yote, nikaingia stoo na tochi baadaye. Juu ya eksozi dari ina duara jeusi ukubwa wa sinia. Tambara la chini ya mlango safi kabisa, nilitegemea ndo litakuwa jeusi, kumbe masizi yamepita juu, ukingo wa juu wa mlango una mstari kama umechorwa kwa penseli, upande wa ndani. Tunaenda hospitali.

Kiza Kinene: Jana jioni tumerudi. Mdogo wangu aliwekewa oksijeni, leo anakimbia. Fundi wa bomba nimemwambia abaki na hela yake. Jenereta iko nje hatua kumi na mbili, kibanda cha bati kimoja juu, pande zote wazi, mnyororo kwenye nguzo. Sasa hivi inawaka saa la tatu haijakohoa hata mara moja. Asanteni sana, dada Nesi Mungu akuweke.

Waya Mwekundu: Afadhali sana. Swali langu la pili hujajibu toka juzi. Umeiunganishaje na nyumba?

Kiza Kinene: Nina waya wenye plagi pande zote mbili, nachomeka soketi ya sebuleni nyumba nzima inawaka. Ila nazima breka kubwa kwanza, nikikumbuka.

Waya Mwekundu: Izime. Siku uliyosahau breka, umeme wako unarudi kwenye transfoma unapanda unakuwa wa maelfu ya voti, na juu ya nguzo kuna mtu anatengeneza anajua waya umekufa. Na plagi ikichomoka upande mmoja, meno yako wazi yana umeme mtoto anayashika. Inatakiwa chenji ova, swichi ya kuchagua umeme wa nguzo au wa jenereta visikutane, aliyofunga fundi umeme, au uchomeke friji moja kwa moja kwa eksteshen nene. Zima injini kwanza, ndo uchomoe huo waya. Nasubiri hapa uniambie umezima.