Naomba ushauri: treni ya zamani ya Bububu, nianzie wapi?

Wakuu habari zenu, nataka kuandika historia ya ile treni ya Bububu kule Unguja, ilojengwa na kampuni ya Wamarekani, Arnold Cheney ya New York, 1905 ikaanza kubeba watu, maili saba hivi kutoka mjini, tena inapenya katikati ya mitaa ya Mji Mkongwe behewa nusura likwangue kuta za watu. 1911 serikali ikainunua, 1922 abiria wakasimamishwa, magari yalishaishinda nahisi. Sasa nianze Nyaraka za Taifa pale Kilimani au kwanza niwatafute wazee wenye mapicha ya kurithi? Na kibali cha kusoma mafaili kinachukuaga muda? Mie niko Dar na nauli ya boti si mchezo jamani.