Tiketi ya Bibi ya Muscat

Salma: Asalaam alaykum wote. Tiketi ya Bibi imetoka. Unguja–Muscat, tarehe 12 Juni, kuondoka 01:20, kufika 07:40. Nani atampeleka uwanjani Ijumaa usiku? Na mbona safari ni ya saa sita na dakika 20, ramani inasema kilomita 3,900 tu?

Ami Said: Waalaykum salaam. Ijumaa usiku Bibi anatakiwa awe keshalala Muscat! 01:20 ya tarehe 12 ni saa saba na dakika 20, usiku wa kuamkia Ijumaa. Gari liondoke Alhamisi.

Khalfan: Wazee wakisema "usiku wa Ijumaa" wanakusudia Alhamisi ikishaingia magharibi. Sie ndio tuliogeuza.

Salma: Shikamoo Ami 🙈 Alhamisi saa ngapi?

Ami Said: Marahaba. Saa nne na robo usiku awe Teminali 3. Kaunta ya mizigo kwa safari za nje kwa kawaida hufungwa saa nzima kabla, yaani saa sita na dakika 20. Ikishafungwa, ndege mtaiona kwa macho na hapandi.

Khalfan: Salma, urefu wa safari si saa sita. Tiketi huandika saa za pale ndege ilipo. Oman wako mbele yetu saa moja, kwa hiyo 07:40 yao ni 06:40 yetu. Safari ni saa tano na dakika 20.

Salma: Bado nyingi. Nimegawa kwa kilomita 840 kwa saa, nimepata nne na dakika 40 kasoro.

Khalfan: Hiyo ni kasi ikishatulia juu. Kupanda na kushuka ni polepole, na njia za anga zina kona, hazifuati uzi wa ramani. Halafu tiketi inahesabu tangu ndege inapong'oka maegeshoni hapa mpaka inaposimama kule, pamoja na kutambaa chini na akiba ya kuchelewa.

Shangazi Rukia: Juni si kusi? Itawasukuma.

Khalfan: Kusi ni upepo wa chini, Shangazi, wa majahazi. Kilomita 11 juu kuna pepo nyingine kabisa.

Shangazi Rukia: Haya. Na Alfajiri atasali akifika?

Ami Said: Itampita. Juni jua la Muscat hutoka kama 05:20 yao, kwetu ni saa kumi na dakika 20 usiku, na yeye bado yuko angani. Mchagulieni kiti F, dirishani kulia. Ndege ikielekea kaskazini mashariki, upande huo ndio mashariki, weupe atauona mwenyewe. Asingoje simu imwadhinie, hiyo bado ina nyakati za Unguja.

Salma: Nabadilisha kiti sasa hivi. Anayempokea nimwambie saa mbili na dakika 40?

Khalfan: Hapana! Moja na dakika 40 asubuhi. Hiyo 07:40 tayari ni saa ya Muscat, usiiongeze tena. Gari nalileta mimi, Alhamisi saa tatu na nusu.