Ushauri: kutafsiri Caligari (1920) papo hapo bila kuchoma mwisho

Mwanzisha uzi
Habari wakuu. Klabu yetu inataka kuonyesha *Das Cabinet des Dr. Caligari* ya Robert Wiene, ile bubu ya Kijerumani. Wengi hawajawahi kuona filamu bubu, kwa hiyo tumeweka mtafsiri na maiki, kama vibanda umiza. Kopi tuliyonayo haifiki saa moja na watu wanakimbia ovyo. Tufanyeje? Na mtafsiri aseme nini?

Fundi_Projekta
Hiyo imerushwa kwa fremu 24 kwa sekunde. Toleo lililosafishwa mwaka 2014 linakwenda kwa fremu 18, kama dakika 75 hivi. Litafute hilo, lina rangi zake pia. Ukilikosa, shusha kasi ya pleya hadi 0.75. Ikibaki chini ya dakika 70 baada ya hapo, ujue kuna vipande vimekatwa.

Picha iache kwenye 4:3. Ukiivuta ijae skrini pana, mistari iliyopinda inalala, na ule upindaji ndio filamu yenyewe: hata vivuli vingi vimepakwa rangi kwenye mandhari.

Bi_Reli
TAHADHARI, nataja mwisho.

Kosa la watafsiri wengi ni kusimulia kama shahidi wa pembeni: "Sasa daktari muuaji anaingia." Hapo umeshathibitisha maneno ya Francis, kijana anayesimulia hadithi nzima ya Daktari Caligari, na mwishoni tunamkuta yeye ndiye mgonjwa na daktari ndiye mkuu wa hospitali. Kuanzia pale mwanzoni anapokaa kwenye benchi na kuanza kusimulia, mtafsiri awe Francis, aseme "mimi". Cesare, yule mtembea usingizini wa Caligari, anapomteka Jane, mpenzi wa Francis, Francis yuko kwingine, anachungulia dirishani kwa Caligari. Aendelee tu kusimulia, ila asiseme "niliona". Msikilizaji makini atashtuka mwenyewe: huyu kajuaje?

Tukirudi kwenye benchi, "mimi" inakoma. Uani mwa hospitali ya wagonjwa wa akili asome maandishi ya kwenye skrini tu, bila kutoa hukumu.

Mzee_wa_Bubu
Naongeza. Kuna wanaodai mandhari inanyooka ukweli ukijulikana. Si kweli. Ua ule ni uleule wenye michoro sakafuni, na Francis anafungiwa chumba kilekile alichosema alifungiwa daktari. Kwa hiyo usibadilishe muziki pale. Ala zibaki zilezile, la sivyo umewaambia watu nani mwendawazimu. Muziki wa kwanza wa Giuseppe Becce umepotea, hivyo mko huru: ngoma moja na zeze vinatosha. Alan, rafiki wa Francis, anapouawa, nyamazeni kabisa, maana tunaona kivuli ukutani tu.

Mwanzisha uzi
Shukrani wakuu. Na yale maneno yanayojiandika hewani, "Du musst Caligari werden"?

Bi_Reli
Yanatokea ukutani na mitini, mara nyingi, kwa haraka. Usifukuzane nayo. "Lazima uwe Caligari", mara moja kwa kunong'ona, mara ya pili kwa sauti, kisha maiki izimwe hadi daktari atoke kwenye picha.